Glory, Mwambie Mama Yako

Machi 19

Nesi Shamsa amesema mwandiko wangu unasomeka lakini mkono ni mzito, kwa hiyo kila nikirudi nyumbani niandike chochote, ukurasa au nusu, mpaka nizoee. Basi naandika. Mimi ni Yudith, nina miaka ishirini na mbili. Darasa la saba nilimaliza Kwai kwa wazazi wangu, nikaolewa huku juu ya Lukozi. Mume wangu Kristian yuko Mafinga tangu Novemba, anapasua mbao. Nyumbani tumebaki watatu: mimi, mwanangu Glory wa miezi kumi, na baba mkwe wangu, mzee Abrahamu. Mama mkwe alifariki kabla sijaja.

Mvua imeanza leo mchana. Vidole vinauma.

Machi 20

Mvua.

Machi 22

Niieleze kazi yenyewe. Zahanati yetu ina nesi mmoja tu, Shamsa. Akiwa ndani anazalisha, huku nje benchi limejaa, hajui nani yuko hoi na nani amekuja na kikohozi cha wiki iliyopita. Akatafuta mtu anayejua kusoma saa ya mshale na kuandika namba. Wenzangu waliosoma zaidi wako Lushoto mjini na Tanga. Nimebaki mimi.

Nakaa mlangoni, Glory mgongoni. Kila anayefika namwangalia kabla hajakaa: anavyopumua, macho yake, mapigo ya mkono. Kama anaharisha namfinya ngozi ya tumbo nione inarudi upesi au inachelewa. Halafu namfunga kitambaa mkononi. Vitambaa nesi amevikata kwenye kanga zake kuukuu. Mwekundu anaingia sasa hivi, hata kama nesi ndio kwanza ameshika kijiko. Wa njano analala kwenye mkeka, anakunywa maji ya ORS, namrudia kila robo saa. Wa kijani anasubiri benchi.

"Hujaajiriwa kutibu, mama Glory," nesi aliniambia. "Wewe kazi yako ni kujua nani hawezi kusubiri."

Watu hawajaipenda. Leo bibi mmoja aliyewahi tangu saa kumi na mbili asubuhi ameona mtoto wa degedege anapitishwa mbele yake. Akasema, "Kumbe siku hizi kuwahi hakuna maana, bora uje unatetemeka." Benchi zima likacheka. Mimi pia, kidogo.

Machi 25

Nimepika bada, ule ugali wa muhogo, na maharage. Baba mkwe amesema, "Glory, mwambie mama yako chumvi imezidi." Glory akamwangalia, akaendelea kutafuna kijiko. Nikasema, "Glory, mwambie babu kesho nitapunguza."

Kwetu sikuyakuta haya. Katika ukoo huu mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hamtazami usoni, hampi kitu mkononi. Chai naiweka kwenye kigoda, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Naruhusiwa kumwamkia, basi. Kristian alipokuwepo ndiye aliyekuwa akipeleka maneno huku na huku. Tangu aondoke tunampitishia Glory, ambaye hajui kusema hata "mama".

Karibu miaka miwili niko humu na sijui sura yake vizuri. Gambuti zake ndizo ninazozijua. Ya kushoto ina kiraka cha mpira wa baiskeli.

Nadhani hanipendi. Mtu akikupenda utasikia hata kwenye chumvi.

Machi 31

Pasaka. Kwaya imeimba vizuri, baba na rafiki yake mzee Tobia wameimba besi kama kawaida yao. Mchana nilipanda mpaka kule juu mtandao unakoshika, nikakaa na Glory mgongoni ndani ya ukungu. Kristian hapatikani. Nilimwachia ujumbe kwamba mtoto ameota jino la pili. Tulikaa mpaka tukalowa.

Aprili 3

Mvua. Karoti za jirani zinaoza ardhini. Leo zahanati watu wanne tu, wote kijani. Nimerudi mapema, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimerudi mapema.

Aprili 6

Udongo umeporomoka kwenye chanzo cha maji. Hakuna aliyeumia, lakini bomba limekatika na barabara ya kushuka Lukozi imezibwa. Pikipiki zinapita kwa kusukumwa. Watu wanachota kijitoni huko bondeni. Nesi amepita nyumba kwa nyumba akisema chemsheni. Watu wanamwitikia ndiyo, lakini kuni zote zimelowa.

Aprili 10

Wa kuharisha na kutapika saba. Wekundu wawili.

Aprili 12

Kumi na tisa. Nesi amesema Glory asikanyage tena zahanati. Nimempeleka kwa wifi yangu Marta, dada yake Kristian, analala huko huko. Alilia, nikatembea haraka ili nisisikie, nikasikia mpaka kwenye kona.

Jioni nikaweka chakula kwenye kigoda. Baba akala. Nilijua ana neno maana alikohoa mara mbili, kisha akanyamaza. Mimi nilitaka kumwambia asinywe maji ya kijitoni, ya kwake nimeyachemsha yako kwenye ndoo ya bluu. Sikuwa na wa kumtuma. Nikaisogeza ndoo ya bluu karibu na mlango wake, nikaenda kulala.

Aprili 13

Ishirini na nne. Leo kulikuwa na shida ya wazee wa kiume. Wananiona mtoto, na mke wa mtu, hawataki nifunue matumbo yao. Mmoja akaniambia nimpime juu ya koti. Mzee Twaha, yule Muislamu anayelima kabichi karibu na sisi, alikuwa benchi na mkono uliokatwa na jembe. Akasema, "Vaa glovu, mwanangu. Glovu haina ukoo." Wazee wakacheka na yule wa koti akakubali.

Baadaye nikamuuliza nesi, "Akija baba mkwe wangu?"

"Usimpime. Niite mimi."

"Na kama uko ndani?"

"Niite nikiwa ndani."

Aprili 16

Siku mbili sijashika kalamu. Leo naandika yote.

Juzi nilitoka alfajiri. Uji wa baba nikauacha kwenye kigoda umefunikwa. Sikujua kwamba chumbani hayumo. Alianza kuharisha saa ambazo mimi nimelala, akatoka, akapanda kwenye kibanda cha shambani akajilaza huko. Hakutaka mimi nije nifue matandiko yake. Haya nimeyajua baadaye, Marta alipokwenda kuyakuta matandiko yenyewe kule kibandani.

Saa nne na nusu benchi lilikuwa limejaa na mkeka umejaa. Nesi yuko ndani na mama anayejifungua, mlango umefungwa. Nikainua daftari niandike namba inayofuata, nikaona gambuti mbili zimesimama mbele yangu, ya kushoto ina kiraka.

Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Baada ya hapo nilitakiwa kuuliza. Glory hayupo. Nikauliza kama ninayesoma daftarini: "Aliyefika anaumwa nini?"

"Tumbo kidogo tu. Niwedi." Yaani mzima.

Sauti ilikuwa imekauka. Niliisikia, hilo sitalikana. Lakini alikuwa amekuja kwa miguu yake, peke yake, na amejibu vizuri, na benchi zima lilikuwa linanitazama nitafanya nini na mkwe wangu. Nilitakiwa kumwita nesi. Nilitakiwa hata kuinua macho tu. Nikachukua kitambaa cha kijani nikakiweka kwenye ncha ya benchi, nikarudi nyuma hatua moja, akakiokota mwenyewe. Kama chai.

Kisha nikaendelea na wengine. Mtoto wa njano, mama wa njano, dada mmoja mwekundu ambaye nilimlaza pembeni ya mlango nikaanza kumnywesha kwa kijiko huku nagonga. Zilipita dakika arobaini. Nimezihesabu baadaye kwenye daftari.

Mzee Twaha alikuwa amekuja kubadilishiwa bandeji, amekaa karibu na baba. Hao wawili wanataniana tangu ujana wao. Nikamsikia, "Abrahamu, umekuja kumaliza dawa zetu? Za Walutheri mmeshazila?" Kimya. Akasema tena, "Au yule kuku wa Pasaka ndiye anayekudai?" Kimya.

Twaha akageuka. Hakuwa anacheka tena. "Mama Glory, huyu hajanijibu. Miaka arobaini hajawahi kukubali mimi nimalize maneno."

Ndipo nilipomtazama baba mkwe wangu usoni, mara ya kwanza. Macho yalikuwa yamezama ndani kabisa, mashavu yameingia, midomo myeupe. Nilipomwita aliyafungua kidogo. Ni macho ya Glory. Sijui kwa nini nilipata nafasi ya kuliona hilo wakati ule, lakini niliona.

Nikamshika mkono. Mapigo sikuyapata. Nikatafuta upande wa pili, sikuyapata. Nikafungua vifungo vya shati lake mbele ya watu wote, nikamfinya ngozi ya tumbo. Ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne.

Akasema, "Niache."

Hakumwambia Glory. Aliniambia mimi.

Nikasema, "Siwezi, baba."

Nikamvua kile cha kijani, nikamfunga chekundu. Twaha akamshika kwapani kwa mkono mmoja mzima, mimi nikamshika miguu, gambuti moja ikachomoka. Tukausukuma mlango. Yule mama anayejifungua alitutazama tu, mama yake mzazi akasimama akamsogezea shuka. Nesi akamwacha kwa huyo bibi akaja. Dripu mbili, mkono huu na huu. Mshipa wa kwanza ulikataa, wa pili ukakataa, wa tatu ukakubali. Na yule dada wa pembeni ya mlango naye akaingizwa. Mtoto akazaliwa katikati ya hayo yote, wa kike.

Saa kumi jioni baba akaomba maji. Nesi akatoka nje akanikuta nanawa kwenye ndoo ya maji ya dawa.

"Kijani alipewa na nani?"

"Na mimi."

"Ulimpima?"

"Hapana. Na sikukuita."

Nilingoja anifukuze. Akasema, "Andika hivyo hivyo kwenye daftari. Saa aliyofika, rangi uliyompa, na kwamba hukumpima." Nikaandika. Mkono haukuwa mzito.

Aprili 17

Baba ameruhusiwa. Marta alikuja kumchukua, akampeleka kwake. Baba alipita mlangoni pangu, nikapiga goti nikaamkia, nikaona miguu yake imevaa kandambili za Marta. Hakuitikia.

Gambuti ziko hapa nyumbani. Nimezisafisha.

Aprili 19

Nyumba nzima ni yangu. Naongea na sufuria.

Nilikwenda kwa Marta kumwona Glory, nikamwona kwa mbali, juu ya paja la babu yake. Marta akanikuta njiani.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Hasemi. Anakula, analala, anamtazama mtoto." Akashusha sauti. "Wifi, mimi nakushukuru kwa uhai wa baba. Lakini ungemwita nesi tu."

"Ningemwita mapema. Kosa ni hapo."

"Watu hawasemi la mapema. Wanasema la shati."

Aprili 21

Kanisani nimekaa kwenye benchi la watu watano, tumekaa wawili.

Aprili 22

Nimepanda kule juu. Kristian amepatikana. Nilikuwa nimepanga kuanza na jino la pili.

"Mama Glory, ni kweli umemvua baba shati mbele ya kijiji?"

"Ni kweli nilimpa rangi ya kijani wakati anakufa."

Nikamweleza yote, na yeye akawa anasema "enhe, enhe", kule nyuma yake msumeno unalia. Mwisho akasema, "Yuko hai lakini?"

"Yuko hai."

"Basi," akasema. Kisha simu ikakatika, sijui ni mtandao, sijui ni yeye. Niliisubiri irudi mpaka ukungu ukanifika miguuni.

Aprili 24

Wagonjwa thelathini na mmoja. Nimeangalia daftari kuanzia tarehe kumi na saba: hakuna mwanamume mwenye zaidi ya miaka hamsini hata mmoja. Nikamwonyesha nesi. Akaangalia kurasa zote tena, akafumba daftari. Akasema, "Wanaugulia majumbani."

Hatukuambiana sababu. Sababu ilikuwa imekaa kwenye kiti changu.

Aprili 27

Mzee Tobia ameletwa kwenye machela saa nne asubuhi. Siku tatu anaharisha nyumbani. Mkewe amesema alikataa katakata kupita mlango huu, alisema hawezi kuvuliwa na mke wa mtoto wa rafiki yake. Nilimfunga chekundu hata kabla machela haijagusa chini. Dripu ya kwanza haijaisha, akafa.

Nilimwambia nesi atafute mtu mzima, mwanamume kama anapatikana, mimi nirudi shambani. Akasema, "Nimeshatafuta tangu juzi. Anayejua kusoma saa hataki, anayetaka hajui." Akanawa mikono, akasema pia, "Tobia hakufa kwa sababu yako, mama Glory. Amekufa kwa sababu ya maji."

Nilimshukuru. Lakini Tobia angekunywa ORS tangu siku ya kwanza kama mlangoni angekaa mtu mwingine. Hilo nalo ni kweli.

Aprili 29

Tumemzika mzee Tobia kwenye mvua. Baba alikuwepo. Besi ilikuwa moja tu.

Aprili 30

Sina la kuandika. Glory anatambaa, Marta kaniambia. Sikuwepo.

Mei 2

Leo nilifika mlangoni nikiwa nimeamua ni siku ya mwisho, hata asipopatikana mtu. Saa tatu foleni ilikuwa imefika kwenye mti wa pichisi. Nikasikia watu wananyamaza kutoka nyuma kuja mbele, kama mvua inavyokuja juu ya mabati ya jirani kabla ya yako.

Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye foleni. Nyuma yake mzee Twaha, na nyuma ya Twaha wazee watatu wa kiume, mmoja ameegemea fimbo, macho yameingia. Huyo wa fimbo niliinuka kumfuata, Twaha akaniinulia kiganja. "Subiri kidogo, mwanangu. Tumepangana hivi makusudi. Hatachelewa."

Baba akafika mbele yangu. Nikapiga goti, nikaamkia. Akaitikia. Kisha akageuza shingo nyuma, akasema kwa sauti ya kanisani, ile ya besi, ili mpaka wa mwisho kwenye mti asikie:

"Twaha, mwambie nesi mimi nimekuja kupimwa."

Twaha akaniambia mimi, "Nesi, huyu mzee amekuja kupimwa. Sijui ana nini, mimi namwona mnene."

"Mwambie Twaha ajiangalie yeye," akasema baba, na watu wakaanza kucheka, na akafungua vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Akaangalia mbele, juu ya kichwa changu.

Nilikuwa nimetoka kunawa. Glovu zilikwisha jana. Nikamshika mkono nikahesabu mapigo dakika nzima kwa saa, sikukata hata sekunde. Sabini na sita. Nikamwangalia macho. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikarudi palepale. Nikamfunga kitambaa cha kijani mkononi kwa mikono yangu.

"Mwambie mzee ni mzima," nikamwambia Twaha.

"Abrahamu, nesi anasema umekuja kupoteza muda wa watu."

Baba akafunga shati, akatoka kwenye foleni, akaenda kumshika yule mzee wa fimbo kwapani, akamleta mwenyewe mpaka kwenye kiti. Yule mzee akavuta shati lake juu bila neno. Ngozi ilichelewa. Nikamfunga chekundu, akaingia.

Mpaka saa tisa nilipima wazee kumi na mmoja. Wawili wekundu, wanne njano. Wote wako hai jioni hii.

Sikumwambia nesi kwamba ilikuwa iwe siku ya mwisho.

Mei 6

Wanne tu leo. Bomba limeungwa tangu juzi. Nesi amesema Glory anaweza kurudi nyumbani.

Mei 7

Wamerudi wote wawili, Marta kabeba mtoto, baba kabeba mfuko wake. Gambuti nilikuwa nimeziweka mlangoni, akazivaa, akaenda shambani kuangalia migomba kabla hata ya kukaa. Glory amenisahau kwa dakika tano hivi, akanifikiria, kisha akapanda mapajani kwangu akanivuta sikio.

Jioni nikaweka chakula kwenye kigoda, nikarudi nyuma. Akala. Mvua ilikuwa nyepesi, ile ya mwisho mwisho. Akakohoa mara mbili.

"Glory, mwambie mama yako mikono yake ni ya baridi sana. Asubuhi avae sweta."

Glory alikuwa anatambaa kuelekea kwenye gambuti. Nikamwambia, "Glory, mwambie babu sweta nilishaifua, iko kwenye kamba tangu Jumamosi. Haikauki."